Fataki za Mfungo Pili

Tarehe ya harusi ya mwanangu niliichagua mimi, tena kwa kichwa kigumu, na wa kunilaumu na anilaumu. Kalenda yangu ya jikoni ni ya Kiislamu, naletewa kila mwaka kutoka Mombasa, na siku zangu nahesabu kwa miezi yetu: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, hivyo hivyo mpaka Ramadhani irudi. Shehe wetu alikuwa anakwenda kuhiji mwaka ule wa sabini na saba, na Jumamosi ya mwisho kabla hajasafiri ilikuwa ndani ya Mfungo Pili. Nikakimbilia ukumbi ule wa Stechford, hapa Birmingham, ulio karibu na stesheni, nikaambiwa siku hiyo uko wazi. Mwenye ukumbi akaniuliza mara mbili kama kweli naitaka Jumamosi hiyo. Nikamwona mzee wa watu ana adabu, anamjali mteja. Nikatoka pale najisifu njia nzima mpaka Hodge Hill.

Basi wiki ile ile ya harusi natoka dukani na mfuko wa vitunguu, nakuta vitoto vya Kizungu vimekaa ukutani, vimempakata mtu wa matambara kavishwa suruali na kofia, vinaomba peni. Miaka yote naviona, navipa, napita zangu. Siku hiyo nikasimama. Mtu yule wa matambara huchomwa moto, na siku ya kumchoma, tarehe tano Novemba, ndiyo siku ambayo Uingereza nzima hupiga fataki, kila ua, kila kiwanja, kuanzia magharibi.

"Mtamchoma lini huyu?" nikawauliza.

"Saturday!" vikanijibu, vinachekelea.

Yarabi! Nimemwekea mwanangu harusi siku ya fataki.

Mwingine angesema, ah, bahati iliyoje, fataki za bure. Huyo hajaolewa na Ussi. Mume wangu Ussi ni mtu wa furaha, akiingia mahali kununa kunakwisha, na pilau yake watu huifuata kutoka mbali. Lakini usiku mmoja kila mwaka, fataki ya kwanza ikilia tu, Ussi huingia kabatini chini ya ngazi, humo zilimo ndoo na mafagio, akajifungia na redio yake mpaka nje kutulie. Mwatima, binti yetu wa pekee, alipokuwa mdogo alizoea kusema, "Baba katia nanga." Tukicheka, basi yamekwisha. Tulijua ni mambo ya vita. Wakati wa vita vikuu vya pili Ussi alikuwa kijana, mpishi msaidizi kwenye meli ya vyakula, na akawa ameteremshwa Trinkomali, kwenye kituo cha manowari za Waingereza kule Seloni, kisiwa wanachokiita sasa Sri Lanka. Ndege za Wajapani zikaja asubuhi moja kuipiga bandari ile naye yumo. Zaidi ya hapo mimi mkewe sikujua, maana hakusema, nami sikuuliza.

Sasa mwenye kuoza binti ni baba. Lazima akae uso kwa uso na bwana harusi, Makungu, amshike mkono, atamke mbele ya mashahidi kwamba amemwoza. Anaweza kumpa mtu mwingine uwakilishi, sheria inaruhusu. Ila na jua la Novemba nalijua, saa kumi na nusu limekwisha zama, na wa upande wa bwana harusi hawajapata kufika mahali kwa wakati tangu niwajue; ndoa itakutwa na fataki.

Nikarudi nyumbani nikamwambia Ussi. Alikuwa anachambua mchele. Akauacha.

"Basi Shehe ataniwakilisha," akasema, wala hakunitazama.

Mwatima alikuwa mlangoni, ndio kwanza anatoka kazini hospitali, bado na sare yake ya uuguzi. Akasikia yote.

"Shehe si baba yangu," akasema. "Baba, kama huketi wewe, hakuna harusi. I mean it. Nitamwambia Makungu arudishe suti." Akapanda ngazi, mlango wa chumba chake ukabamizwa mpaka vikombe vikalia kabatini. Hasira zile kazirithi wapi sijui, lakini Ussi alinitazama mimi.

Halafu akasema neno lililonikata maini. "Mie nataka, Mwanakhamis. Wallahi nataka kumwoza mwanangu kwa mkono wangu. Mwili ndio unaokataa."

Nililia, tena kwa sauti, siku hizo nilikuwa sioni haya. Nilipomaliza kulia nikampigia simu Kijakazi.

Kijakazi ni shoga yangu tangu Unguja, mdomo wake hauna breki. Kwetu kazi yake ilikuwa kualika harusi. Kwetu hualikwi kwa kadi. Mwanamke mwenye sauti anapita nyumba hadi nyumba, anabisha, anapiga kigelegele, anaimba jina la bibi harusi, na asiyefikiwa na mwanamke yule ana haki ya kununa mwaka mzima. Kijakazi alikuwa fundi wa hayo. Alipofika kwangu hakuvua hata koti. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akavuta kiti mbele ya Ussi.

"Ussi, hebu niambie miye. Hao Wajapani walikufanya nini?"

Nikamkonyeza. Nikamkanyaga na mguu. Kama najikanyaga mwenyewe.

Ussi akasema, "Hawakunifanya kitu. Nilikuwa nakoroga uji."

"Uji?"

"Uji wa mabaharia. Usiku wa nyuma yake manowari zilianza kutoka bandarini, moja baada ya moja. Sie wa jikoni tukashangaa, tukasema leo uji utabaki. Kumbe wakubwa wamekwisha pata habari, Wajapani wako njiani. Wenye meli wakaambiwa. Wenye mizinga wakaambiwa. Jikoni hakuja mtu." Akachukua kitunguu, akakigeuzageuza mkononi. "Asubuhi jua zuri, bahari shwari. Nasikia ndege. Nikatoka nje na mwiko wangu kutazama, nikadhani zetu. Nikazipungia."

"Ukazipungia Wajapani?"

"Kwa mwiko, Kijakazi! Uji unanichuruzika mpaka kwapani. Moja ilipita chini chini, rubani namwona na miwani yake, nami namwambia karibu."

Kijakazi akajizuia, akajizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akaegemea friji. Nami nikasema moyoni, leo ndio mwisho, huyu mtu hatasema tena mpaka kufa. Namtazama Ussi, naye mabega yanatikisika. Anacheka! Anacheka na machozi yanamtoka, sikujua ya kipi.

"Halafu ndipo yalipoanza," akasema alipopata pumzi. "Nikakimbilia stoo ya unga. Peke yangu, gizani. Nje gudi la meli linapigwa, matangi ya mafuta yanawaka, na kila mshindo nasema huu ndio wangu. Walipokuja kunitoa nilikuwa mweupe kwa unga mpaka askari mmoja akanipigia saluti, kanidhani ofisa wake."

Hapo hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

"Mshindo wenyewe siuogopi," Ussi akasema. "Mizinga ya Idi si tulikuwa tunaikimbilia utotoni? Unajua sasa hivi italia, unaziba masikio, inalia, unashangilia. Mie naogopa ule usioambiwa."

Kijakazi akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Basi si uambiwe."

"Na nani? Birmingham nzima?"

"Birmingham nzima sina haja nayo," akasema Kijakazi. "Nipeni mitaa inayouzunguka ukumbi."

Kesho yake tukatoka. Kijakazi kajifunga kanga mpya juu ya koti la baridi, kichwani mtandio, mkononi chetezo kinafuka udi, kama yuko Unguja anatoka Malindi kwenda Vuga. Mimi nyuma yake, mkalimani. Mlango wa kwanza alipopiga kigelegele, bibi wa Kizungu alitoka na vibiringizio vya nywele kichwani, kashika mkonga wa simu, nadhani alitaka kuita polisi. Kijakazi akamwimbia beti mbili. Ndipo mimi nikaeleza kwa Kiingereza changu cha kiwandani: binti yetu anaolewa Jumamosi, wewe na watu wako mmealikwa, pilau ipo, leteni na fataki zenu ukumbini, lakini tafadhali msiwashe hata moja mpaka baba wa bibi harusi atoke nje aseme washeni. Yule bibi akatutazama, akautazama udi, akauliza avae nini.

Tukapita hivyo hivyo. Wengine walicheka, mmoja alitufungia mlango, Kijakazi akaendelea kuimba mbele ya mlango uliofungwa mpaka ukafunguliwa. Mzee mmoja wa Kiingereza mwenye mbwa aliuliza kwa nini baba mtu asubiriwe. Nikamwambia, Trinkomali. Mzee akavua kofia. Akasema yeye alikuwa jeshini Burma, na watoto wa mtaa wake atawachunga mwenyewe.

Aliyenipa wasiwasi ni Gurmeet. Gurmeet ni Singasinga mzaliwa wa Nairobi, pande la mtu, anafanya kazi na Makungu kwenye kiwanda cha magari Longbridge. Sikukuu yao ya taa ilikuwa inakaribia, na sebuleni kwake maboksi ya fataki yamepangwa mpaka dirishani. Nikaona hii si sebule, ni ghala ya silaha.

"Mama, wewe hapana ogopa," akaniambia kwa Kiswahili chake cha Nairobi. "Fataki yangu yote nitaleta kwa harusi. Na mtu akiwasha mbele ya mzee, mimi nitashika masikio yake."

Jumamosi ikafika. Nyumba inanukia karafuu na hina, wanawake wamejaa mpaka kwenye ngazi, Kijakazi anaamrisha kila mtu kama yeye ndiye aliyezaa. Ussi alipika pilau tangu alfajiri, na wakati wote huo alikuwa Ussi wangu, anatania, anaimba. Alipokuja kuvaa ndipo nikaona vifungo vya kanzu vinamshinda. Nikamfunga mimi.

Wa upande wa bwana harusi wakachelewa, nani alitegemea vingine. Walipoingia na kaswida yao nje ilikuwa giza. Nikachungulia dirishani, na niliyoyaona sitayasahau. Uwanja wa nyuma ya ukumbi umejaa watu, Wazungu, Wahindi, Wajamaika, watoto wamevishwa kofia za sufu mpaka machoni, kila mmoja na kifurushi chake, na hakuna aliyewasha hata kiberiti. Wananong'ona tu. Katikati yao Gurmeet na kilemba chake chekundu, mikono kifuani, anawalinda. Yule bibi wa vibiringizio kavaa gauni la zari.

Ndani, Shehe hawezi kukaa chini kwa ajili ya magoti yake, kwa hiyo tuliweka meza na viti. Ussi upande huu, Makungu upande ule, Shehe kichwani mwa meza, mashahidi wamesimama. Sisi wanawake tuko nyuma ya pazia na bibi harusi wetu. Huyo Makungu, niseme ukweli, sikuwa na neno naye wala sikuwa na hamu naye. Kijana wa Tanga, mwembamba, mpole mpaka anakera. Ukimuuliza chai au kahawa anasema chochote mama. Nilikuwa najiuliza mwanangu mwenye moto ule kaona nini kwa mtu wa chochote mama.

Shehe akasoma hotuba. Ussi akanyoosha mkono, Makungu akaushika. Nilikuwa nimetoboa pazia kwa kidole, naona kila kitu. Ussi akakohoa, akaanza, "Makungu, nimekuoza..."

Buuu!

Jamani, madirisha yalitikisika. Halafu ya pili, halafu ya tatu, zinapanda angani nyekundu na kijani.

"Ng'ambo ya reli!" Kijakazi akapiga kelele karibu yangu. "Ng'ambo ya reli sikwenda kualika!"

Namtafuta Ussi, kiti kitupu. Namtafuta Makungu, kiti kitupu vilevile. Shehe kabaki peke yake mezani na kitabu chake, na kitambaa cheupe cha meza kinatikisika. Nje namsikia Gurmeet anawatukana watu wa ng'ambo ya reli kwa Kipunjabi, Kiingereza na Kiswahili. Mwatima kaning'ang'ania mkono, kucha zake zimenizama nyamani. Nikasema basi, imekwisha, mwanangu haolewi, na ni mimi na kalenda yangu.

Sauti ikatoka chini ya meza.

"Shehe."

"Labeka, Ussi."

"Upo?"

"Nipo."

"Mkono wa kijana bado ninao."

Shehe akafikiri. Kisha, na magoti yake yale, akaanza kuteremka, anashika kiti, anashika meza, mpaka akafika chini, akainua kitambaa. "Mashahidi njooni," akasema. "Ndoa yataka kusikiwa." Mashahidi wakapiga magoti na kanzu zao, wakaingiza vichwa, ikawa tunaona migongo tu, kama watu wanaotafuta sindano iliyoanguka.

"Nimekuoza," Ussi akasema, "nimekuoza binti yangu Mwatima..."

Buuu!

Tukangoja.

"Nimesema nimekuoza!" Ussi akapiga ukelele, na si Makungu aliyekuwa akipigiwa, ni ile fataki. "Nimekuoza binti yangu Mwatima kwa mahari mliyopatana! Umesikia?"

"Nimekubali kumuoa kwa mahari hayo!" akajibu Makungu. Yule yule wa chochote mama, kwa sauti ya kuita meli iliyokwisha ondoka.

"Nimesikia," akasema Shehe. "Mmesikia?"

"Tumesikia," wakasema mashahidi.

Kijakazi akaachia kigelegele, wanawake wakadakia, ukumbi ukalipuka. Nami nageuka kumkumbatia mwanangu, hayupo. Kapita pazia! Bibi harusi, na maua yake na dhahabu zake, kapita katikati ya wanaume wote anakimbia, Kijakazi anamfuata nyuma, "Ewe mtoto huna haya! Rudi! Bibi harusi hatoki!" Mwatima hakusikia. Alifika mezani, akakusanya gauni, akaingia chini.

Nikaenda na mimi. Nikainama, nikainua kitambaa. Ussi kakaa kajikunja, kofia imemtoka, uso umelowa jasho. Mkono wa Makungu kaubana kwa mikono yake miwili, na vidole vya yule kijana vimekuwa vyeupe kabisa, naye hajauvuta. Kakaa naye bega kwa bega, kichwa kimegusa mbao ya meza, suti mpya imejaa vumbi la sakafu.

"Baba, uko sawa?" Mwatima akauliza. Analia na wanja unamshuka.

"Huyu nilimvuta akaja," Ussi akamwambia, anahema. "Hakuuliza tunakwenda wapi. Nimembana vidole, kakaa." Akauchukua ule mkono akautia katika mkono wa Mwatima, akaifumbata yote miwili. "Mchukue. Nilikuwa namjaribu tu."

Kilemba chekundu kikaingia kutoka upande wa pili wa meza. Gurmeet kalala kifudifudi sakafuni.

"Mzee," akasema, "sisi nje bado nangoja. Watoto nalia baridi. Unasema nini?"

Ussi akamtazama Gurmeet. Akawatazama Mwatima na Makungu walioshikana mikono. Halafu akanitazama mimi niliyeinama pale na kitambaa mkononi, kama nilivyokuwa nikisimama miaka yote nje ya kabati nikimuuliza anataka chai.

"Ngoja kwanza," akasema. "Mke wangu bado yuko nje."

Nikavua viatu. Nikajikusanya na mwili wangu huu na gauni langu la atlasi, Shehe akasogea kunipisha, nikaingia nikakaa kwa Ussi, nikamshika mkono. Ulikuwa baridi. Akauminya wangu, akavuta pumzi.

"Haya," akamwambia Gurmeet. "Washeni."